Utetezi wa watumiaji wa nishati na maji Kibaha na Kisarawe

Utetezi wa watumiaji wa nishati na maji ni juhudi za wananchi kudai umeme na maji ya uhakika kwa bei wanayoimudu. Katika Kibaha na Kisarawe, Mkoa wa Pwani, Tanzania, juhudi hizo zinategemea sheria inayowapa watumiaji haki ya kusikilizwa kabla bei haijapangwa.

Watoa huduma

Umeme huuzwa na TANESCO. Maji ya mijini hutolewa na DAWASA, na ya vijijini husimamiwa na RUWASA pamoja na vyombo vya watumia maji vya jamii. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi, Kibaha, lakini sehemu kubwa ya maji yake huenda Dar es Salaam. Mji wa Kisarawe uliunganishwa na maji ya Ruvu kwa bomba kutoka Kibamba; mradi huo ulizinduliwa Juni 2020.

Upangaji wa bei

Bei za umeme na za maji ya mijini hudhibitiwa na EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mtoa huduma akiomba kupandisha bei, EWURA hufanya taftishi, yaani uchunguzi wa wazi unaopokea maoni ya wananchi. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, huwasemea watumiaji na kuhoji gharama zilizotajwa, kwa mfano hasara ya maji yanayovuja njiani.

Masuala makuu

Mwanzoni mwa 2022 ada ya kuunganishiwa umeme ilikuwa shilingi 27,000 vijijini, lakini mjini ilirudishwa kuwa shilingi 320,960 kwa nyumba isiyohitaji nguzo. Kwa hiyo mtaa wa pembezoni mwa mji, wenye mashamba na kipato cha kijijini, unaweza kutozwa ada ya mjini.

Suala jingine ni mita moja kutumiwa na wapangaji wengi. Kwa bei za mwaka 2016, mtumiaji mdogo alilipa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Zilizozidi zilitozwa shilingi 350. Familia kadhaa zinazochangia mita huvuka kiwango hicho upesi, hata kama kila moja hutumia kidogo.

Malalamiko

Mteja hulalamika kwanza kwa mtoa huduma. Asiporidhika huenda EWURA, na uamuzi wa EWURA unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani. Risiti, ankara na barua ni ushahidi wa kutunza.