Televisheni, Neno Chotara

Mwezi Agosti 1900, mjini Paris, Mrusi Constantin Perskyi alisoma mada mbele ya mkutano wa kimataifa wa umeme. Alizungumzia namna ya kusafirisha picha kwa njia ya umeme kwa kutegemea seleniamu, ambayo hupitisha umeme vizuri zaidi ikimulikwa. Mashine ya kuwaonyesha wasikilizaji hakuwa nayo. Alikuwa na jina tu: televisheni.

Januari 1926 ndipo Mskoti John Logie Baird alipowakaribisha wanasayansi katika chumba kimoja mtaa wa Soho, London, wakaona sura ya mtu ikichezacheza kiooni. Mtoto alizaliwa jina likiwa na miaka 25.

Lipasue jina hilo katikati, utakuta koo mbili. Tele ni Kigiriki, maana yake mbali. Visio ni Kilatini, kuona. Kitenzi chake ndicho kilichotupa pia video, yaani “naona”. Ndugu zake wakubwa hawakuchanganya damu hivyo. Teleskopu, jina ambalo Mgiriki Giovanni Demisiani alikipa chombo cha Galileo mwaka 1611, ni Kigiriki mwanzo hadi mwisho. Telegrafu vilevile, na telefoni. Basi wasomi wa Uingereza waliokuzwa kwa lugha hizo mbili walilikunjia uso neno hili chotara. Wagiriki wenyewe waling’oa nusu ya Kilatini wakapachika yao: kwao ni tileorasi. Wajerumani waliona tabu ya nini, wakachukua maneno ya nyumbani, Fernsehen, kuona mbali.

Mimi dosari siioni. Sisi tunasema mwanasheria, mwana wa Kibantu na sheria ya Kiarabu, na hajatokea wa kutushtaki. Tena wazo la Perskyi tulikuwa nalo zamani bila kujua. Darubini ni neno la Waajemi: dur ni mbali, bin ni mwenye kuona. Kwa maana, darubini na televisheni ni pacha, ila mmoja alikuja na majahazi ya kaskazi na mwenzake akaja na umeme.

Simu nayo? Ni ya Waajemi haohao. Sim kwao ni waya, ingawa hiyo iliyo mfukoni mwako haina waya tena.