Mrija wa Shingoni Usichomoke

Anayetoka kata ya Rahaleo kwenda kumwona mgonjwa katika Hospitali ya Ligula, au Mitengo kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, huenda siku moja akamkuta ndugu yake ana mrija shingoni. Hiyo ni trakeostomi: daktari ametoboa tundu kwenye bomba la hewa, na mgonjwa anapumulia hapo.

Shida ni mrija kuchomoka. Katika wiki ya kwanza tundu halijakomaa. Mrija ukitoka, nyama hujifunga, na kuurudisha kwa pupa kunaweza kuupeleka pembeni ya bomba la hewa. Uchunguzi wa kitabibu uitwao NAP4, uliotolewa Uingereza mwaka 2011, ulikuta kwamba katika vyumba vya wagonjwa mahututi, ajali hii iliongoza kwa vifo na madhara makubwa ya njia ya hewa.

Mara nyingi mrija huchomoka mgonjwa anapogeuzwa, anapooshwa au anapokohoa kwa nguvu. Kwa hiyo muuguzi mmoja hushika mrija tu, wenzake ndio wageuze. Kamba za shingoni zikazwe kiasi cha kidole kimoja kupita, na kuzibadilisha ni kazi ya watu wawili, hata usiku wa manane wahudumu wakiwa wachache. Kando ya kitanda kuwe na mrija wa akiba wa saizi ileile, mwingine mdogo zaidi, oksijeni na mashine ya kufyonza makohozi.

Nawe unayeuguza, usiuguse mrija. Ukiona umejitokeza, mgonjwa anahangaika kupumua au ghafla anatoa sauti asiyokuwa nayo, mwite muuguzi papo hapo.