Filamu ya "Capernaum": Mtoto Anapowashitaki Wazazi Wake



Katika filamu ya *Capernaum*, iliyoongozwa na Nadine Labaki wa Lebanon na kutolewa mwaka 2018, mtoto mmoja anasimama mahakamani kuwashitaki baba na mama yake. Hakimu anapomwuliza sababu, anajibu: kwa kuwa wamemzaa. Kwa Mkristo anayekiri kwamba uhai ni zawadi ya Mungu, jibu hilo ni zito. Je, filamu hii inapinga uhai?

Maisha ya Zain

Zain anaishi katika mtaa wa maskini jijini Beirut. Haendi shule, anabeba mizigo dukani na kuuza vinywaji barabarani. Hana cheti cha kuzaliwa, hivyo daktari anakadiria umri wake kwa kutazama meno: miaka 12 hivi. Mdogo wake wa kike, Sahar, mwenye miaka 11, anaozwa kwa mwenye duka ambaye ndiye anayewapangisha nyumba. Zain anatoroka kwa uchungu. Anapokewa na Rahil, mama Mwethiopia asiye na kibali cha kuishi nchini, mwenye mtoto mchanga aitwaye Yonas. Rahil anapokamatwa, Zain anabaki peke yake na mtoto huyo.

Anayeigiza nafasi ya Zain hakuwa mwigizaji, bali mtoto mkimbizi kutoka Syria aliyekuwa akiishi Beirut. Katika Tamasha la Cannes mwaka 2018, filamu hii ilipata Tuzo ya Majaji, pamoja na tuzo ya Jopo la Kiekumene, linalounganisha Wakatoliki na Waprotestanti.

Kwa nini Kafarnaumu?

Katika Kifaransa, jina la mji huo limekuja kumaanisha vurugu na mrundikano wa vitu. Lakini sisi tunaufahamu kama mji wa Yesu. Ni mji alioukaripia kwa kuona miujiza na kutotubu (Mt 11:23). Ni huko pia, wanafunzi walipokuwa wamebishana juu ya nani aliye mkubwa, Bwana alipomweka mtoto katikati yao, akamkumbatia, na kufundisha kwamba anayempokea mtoto wa namna hiyo anampokea Yeye mwenyewe (Mk 9:33-37). Mahakama ya Beirut nayo inamweka mtoto katikati, nasi tunapaswa kumsikiliza.

Shitaka lenyewe

Tutazame matendo ya Zain kabla ya maneno yake. Mtoto huyu anayelalamika kuzaliwa ndiye anayemtafutia Yonas maziwa, na kumkokota mitaani ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya ubao wa magurudumu. Anayeuchukia uhai hafanyi hivyo. Anachokataa ni mtoto kuzaliwa na kisha kuachwa bila jina, ulinzi wala malezi. Hapo anakutana na mafundisho ya Kanisa. Katekisimu (na. 2221) inaeleza kwamba uzazi wa wanandoa hauishii katika kuzaa, bali unaendelea katika malezi ya kimaadili na ya kiroho. Naye Mtakatifu Paulo VI, katika *Humanae Vitae* ya mwaka 1968, alifundisha juu ya uzazi unaowajibika.

Hata hivyo, tusiharakishe kuwahukumu wazazi hao. Mama yake Zain anamwuliza wakili kama amewahi kuishi maisha kama yake. Swali hilo linatuelekea sisi sote: umaskini unaowaacha wazazi peke yao ni dhambi ya jamii nzima.

Wajibu wetu

Mtoto anapobatizwa, jina lake, la wazazi na la wasimamizi wake huandikwa katika kitabu cha parokia. Tusiliache likae kitabuni tu. Msimamizi wa ubatizo amjue mtoto wake, na aulize kama ana cheti cha kuzaliwa na kama anakwenda shule. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zisinyamaze binti mdogo anapoozwa: pasipo ridhaa huru hakuna ndoa.

Filamu hii ina maneno makali na matukio ya kuumiza, hivyo haiwafai watoto wadogo. Wazazi, makatekista na vijana wanaweza kuitazama pamoja na kuijadili. Mwishoni Zain anapigwa picha ya kitambulisho, na kwa mara ya kwanza anatabasamu: hatimaye mtu ameandika kwamba yupo.