Daawa Yako Ni ya Mahakama Gani?

Watu wengi wa Ngoliba, na hata wa mjini Thika, hudhani kuwa mahakama yo yote yaweza kusikiliza daawa yo yote, maadamu ada imelipwa. Sivyo. Mwaka 1989, katika shauri la meli iitwayo Lillian S, Jaji Nyarangi wa Mahakama ya Rufani alieleza kuwa mahakama isiyo na mamlaka juu ya jambo haina budi kuliacha papo hapo.

Tuseme mkulima amemwuzia mchuuzi nyanya za Shs. 80,000, asilipwe. Madai ya bidhaa yasiyozidi Shs. 1,000,000 huenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Hapo aweza kujisemea mwenyewe pasipo wakili, na shauri latakiwa kukatwa katika siku 60. Lakini mahakama hiyo haigusi ugomvi wa hati ya shamba, wala kashfa, wala madai ya kibarua juu ya bwana wake.

Mambo ya mashamba ndiyo yenye mitego. Katiba ya mwaka 2010 iliyaondoa katika Mahakama Kuu, yakapewa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo Thika ipo. Hakimu aliyeruhusiwa aweza pia kuyasikiliza kwa kadiri ya thamani. Hakimu Mkuu mwisho wake ni Shs. 20,000,000. Na jirani akisogeza mpaka wa shamba lililosajiliwa, je? Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, yataka Msajili wa Ardhi auamue mpaka kwanza. Nakiona kizuizi hiki cha busara, maana jaji hana mnyororo wa kupimia.

Aliyekosea mlango hujituliza kuwa daawa itahamishwa tu. Katika shauri la Kagenyi na Musiramo, lililochapishwa katika ripoti za mwaka 1968, Mahakama Kuu ya Uganda ilikataa: daawa iliyofunguliwa pasipo mamlaka haihamishiki. Mahakama za Kenya zimeifuata rai hiyo mara nyingi. Daawa hufutwa, mdai akaanza upya, na huku muda wa sheria wapita: miaka 6 kwa mapatano, 3 kwa madhara, 12 kwa ardhi. Mwenye haki kamili aweza kurudi akute muda umekwisha, na deni lake halidaiki tena.

Basi kabla ya kulipa ada, mwulize karani wa masjala ya mahakama mambo mawili: kama mahakama ile husikiliza jambo la namna hiyo, na mwisho wake ni shilingi ngapi.