Mkono Umeshuka, Ngoma Bado Haijalia

Dakika ya kwanza ya mkanda ule haina kasoro. Shehe ameketi mkekani, anasema Bismillahi, na midomo yake inafumba na kufumbuka sawasawa na neno. Tatizo liko mbele. Kufikia dakika ya arobaini tuko uani, wanawake wamefanya duara, na ayeyo, nyanya yangu mzaa mama, ameshika ngoma. Mkono wake unashuka juu ya ngozi na hakuna kinachosikika. Unainuka tena, umeshafika usawa wa bega, ndipo mlio wa pigo lile unapoingia. Walio pembeni yake wamefumba vinywa huku wimbo ukiendelea.

Ayeyo alitazama kwa muda, kisha akatugeukia. "Huyo ni mimi, na ngoma ni yangu. Lakini anayeimba mmemtoa wapi?"

Hatukumtoa popote. Mkanda huo wa VHS ulirekodiwa Garissa katika miaka ya tisini, harusi ya mama mdogo. Abti wangu, yaani mjomba, aliusafirisha hadi Nairobi, zaidi ya kilomita 360, kwenye duka moja linalohamishia mikanda kwenye flashi. Tulilipa, tukapewa flashi, tukarudi nyumbani tukiwa na furaha. Hasara iliyotuuma haikuwa ya pesa. Buraanbur, utenzi wa wanawake wa Kisomali unaoghaniwa harusini, ni maneno yaliyofungwa kwenye ngoma na makofi. Neno likiachana na pigo lake, utenzi umekufa. Unabaki na watu wanaopunga mikono na kelele zisizo na mwenyewe.

Nyumba nyingi za Garissa, Wajir na Mandera zina mikanda ya namna hii, ndani ya sanduku la bati au juu ya kabati, imezungushiwa mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie. Watu wa nje walipotuletea kamera zao, mara nyingi walikuja kupiga picha za ukame, za kambi na za magari ya polisi. Harusi zetu, maulidi yetu, wazee wetu wakizungumza chini ya mti, tulijirekodi wenyewe. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera kule Dadaab zilifunguliwa kati ya 1991 na 1992, na kadiri jamaa walivyosambaa hadi Minneapolis, Toronto na London, mkanda ukawa barua. Somalia ilipovunjika, kaseti za sauti zilikuwa tayari zimezoeleka kubeba salamu na mashairi kutoka bara hadi bara. Video ikaongeza uso juu ya sauti. Aliyekosa harusi ya dada yake aliletewa harusi nzima, saa tatu, pamoja na mbuzi waliopita nyuma ya bibi harusi.

Barua hizo zilikuwa na lahaja mbili. Runinga za Kenya, Somalia na sehemu kubwa ya Ulaya zilitumia mfumo wa PAL, wenye fremu 25 kwa sekunde. Marekani na Kanada zilitumia NTSC, wenye fremu 29.97. Mkanda uliotoka Minneapolis ukiingizwa kwenye deki ya kawaida ya Garissa ulitoa picha inayobingirika, isiyo na rangi. Ndiyo maana deki ya mifumo mingi ilikuwa mali ya kuazimana mtaani, na ndiyo maana mikanda mingi tuliyonayo leo ni nakala ya nakala, iliyopita mikono miwili au mitatu kabla ya kufika sandukuni. Kila nakala iliongeza kutetereka.

Nilidhani mkanda wetu ndio uliooza. Abti alidhani deki ya dukani ilikuwa mbovu. (Kwetu mjomba na mpwa huitana kwa jina moja: yeye ni abti wangu nami ni abti wake, basi tulibishana "abti, sivyo" kwa "abti, ndivyo" hadi usiku wa manane.) Sote tulikosea. Mkanda wa VHS una upana wa nusu inchi. Picha huandikwa kwa mishazari na hedi zilizo kwenye gurudumu linalozunguka mara 25 kila sekunde, na sauti ya kawaida huandikwa ukingoni, kwa hedi nyingine iliyosimama pale pale. Ni mwandiko wa namna mbili, lakini uko juu ya utepe mmoja. Deki ikivuta utepe, inavivuta vyote viwili pamoja. Utepe ukichelewa, picha na sauti huchelewa pamoja. Tulipouweka mkanda wetu kwenye deki na kuutazama moja kwa moja kwenye runinga, pigo la ngoma lilikaa mahali pake mwanzo hadi mwisho. Picha na sauti ziliachana njiani, kati ya deki na kompyuta.

Yeyote mwenye malalamiko kama yetu na aanze na jaribio hilo. Tazama mkanda wenyewe kwanza. Ukiwa sawa kwenye runinga, hazina yako ipo. Kilichoharibika ni uhamishaji, na uhamishaji unaweza kurudiwa.

Njiani hutokea nini? Deki haitoi picha kwa mwendo ulionyooka. Utepe hunyooka na kusinyaa, gurudumu huyumba kidogo, na kila mpiga picha aliposimamisha kamera kisha akaiwasha tena, aliacha kovu. Runinga ya zamani ilivumilia hayo yote. Kifaa cha kunasia picha hakivumilii. Kikikutana na kovu, hupoteza mapigo ya picha, yaani ishara za kuonyesha kila fremu inaanzia wapi, na fremu zinazofika katika hali hiyo hutupwa. Sauti, ambayo haihitaji mapigo hayo, inaendelea kunaswa kama kawaida. Fremu moja ya PAL ni elfu 40 za sekunde, yaani sehemu moja ya ishirini na tano. Ukipoteza moja, hakuna atakayejua. Ukipoteza 50 katika makovu kadhaa, picha imekuwa fupi kuliko sauti kwa sekunde mbili, na mkono wa ayeyo unaitangulia ngoma.

Chanzo cha pili ni saa mbili. Kuna watu hupitisha picha kwenye kijiti cha USB cha kunasia picha, na sauti wakaiingiza kwa waya wake kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Kila upande una saa yake ndogo ya ndani inayohesabu, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu moja kwa elfu haionekani katika dakika tano, lakini katika saa moja imeshafika sekunde 3.6. Tofauti hiyo hiyo huzaliwa pale mkanda wa NTSC wa fremu 29.97 unaposomwa na programu kana kwamba ni 30 kamili.

Tena macho na masikio yetu hayahukumu kwa usawa. Kipimo cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ni kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia picha kwa kiasi cha elfu 45 za sekunde, yaani milisekunde 45, lakini iliyochelewa huivumilia hadi karibu milisekunde 125. Anayeishi mahali palipo wazi kama kwetu hatashangaa. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu anayepasua kuni ng'ambo ya mto Tana unamwona akishusha shoka kabla ya kulisikia. Tumezaliwa tukijua kwamba sauti huja nyuma. Inapotangulia, mwili unakataa mara moja.

Kabla ya kugusa chochote, jua ugonjwa ni upi. Tafuta mahali pa wazi mwanzoni mwa mkanda na mahali pengine karibu na mwisho, upime pengo la sauti na picha. Pengo likiwa lile lile kote, sauti inasogezwa mara moja na kazi imekwisha. Likikua polepole kwa kipimo kimoja, hizo ni saa mbili. Sauti nzima inakazwa au kulegezwa kidogo. Kwa mfano, ikiwa mwanzo ni sawa na baada ya dakika 90 sauti imechelewa sekunde 1.8, iharakishwe kwa sehemu tatu hivi katika elfu kumi. Programu ya bure kama Audacity inafanya hivyo, na hakuna sikio litakalotambua kwamba sauti imepanda. Lakini likikua kwa kuruka, sawa hapa, limeruka pale, hizo ni fremu zilizotupwa, na ukivuta sauti yote utaharibu hata palipokuwa pazima.

Pengo letu lilikuwa linaruka. Hapo utamaduni wetu ukatusaidia na kutuponza kwa wakati mmoja. Wapiga filamu hugonganisha vibao viwili mbele ya kamera ili wapate pa kuoanishia picha na mlio. Harusi ya Kisomali ni vibao mwanzo hadi mwisho: makofi ya duara zima, ngoma, kwenye mchezo wa dhaanto hata miguu. Nikafurahi, nikaoanisha kofi na kofi. Nilipocheza kipande kile mikono na milio viligongana vizuri kabisa, lakini midomo ilikuwa inasema neno lingine. Nilikuwa nimeoanisha kofi na mlio wa kofi lililofuata! Makofi yanafanana, mdundo unaorudiarudia humpoteza anayeutegemea. Tangu hapo nikatafuta mlio usio na ndugu: kifuniko cha sufuria kilichoanguka, mlango uliobamizwa na upepo, pigo la kwanza kabla mengine hayajafuata. Na penye uso wa karibu, herufi za b na m, kwa sababu hakuna anayezitamka bila kufumba midomo. Bismillahi ya shehe ina zote mbili.

Nilikata picha na sauti kwenye kila kovu, nikavioanisha upya kipande kwa kipande. Siku tatu kwa mkanda mmoja. Inawezekana, lakini simshauri mtu aanzie hapo ikiwa mkanda bado unao. Dawa ni kunasa upya, vizuri. Picha na sauti ziingie kupitia kifaa kimoja, chenye saa moja. Sauti iwekwe kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, ambacho ndicho kipimo cha video. Kompyuta isifanye kazi nyingine. Na kati ya deki na kompyuta pawekwe kisawazishi cha mapigo, kile mafundi wanachokiita TBC: kinapokea picha inayoyumba, kinaishika kitambo kidogo, kinaitoa kwa mwendo ulionyooka. Visawazishi vyenyewe ni adimu, lakini baadhi ya mashine za zamani za kurekodia DVD, hasa Panasonic ES10 na ES15, hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo picha ikipitishwa tu ndani yake. Abti alitafuta hadi akapata iliyotumika. Tuliponasa tena, kaunta ya fremu zilizotupwa haikusogea kwenye makovu tuliyoyajua.

Nina neno na mafundi wa miji yetu, maana nawaheshimu na najua mteja anataka flashi yake leo. Msitazame dakika mbili za mwanzo mkaandika risiti. Rukeni hadi katikati, kisha hadi mwisho, mtazame midomo. Na mwenye mkanda, usiutupe kwa sababu umepewa flashi. Nimesikia watu wakisema waliuchoma moto kwa kuwa "tayari iko kwenye kompyuta". Iliyoko kwenye kompyuta ni kazi ya fundi, nzuri au mbaya. Mkanda ndio shahidi.

Shahidi huyo anazeeka. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyojulikana kuunda deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba mikanda ya sumaku isiyohamishwa kufikia 2025 huenda isihamishike tena, kwa kukosa mashine na wanaozijua. Mwaka huo umeshafika. Huku kwetu ongeza joto la nyumba ya mabati, vumbi linaloziba hedi, na mafuriko ya Tana, ambayo hayachagui sanduku. Majirani zetu wa Hargeysa wametuonyesha inavyowezekana: mwaka 1988, mabomu yakikaribia, kanda za redio yao zilifichwa na nyingine zikafukiwa ardhini ili zipone, na leo kituo cha utamaduni cha Redsea kinahifadhi kaseti zaidi ya 10,000. Garissa ina mikanda. Sijaona sababu kaunti, maktaba au msikiti mmoja usiweze kuwa na deki moja nzima na kijana mmoja aliyefundishwa kuitumia.

Tulimwonyesha ayeyo mkanda upya Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Mkono ukashuka, ngoma ikalia. Hakusema lolote kuhusu sauti. Alimwambia abti arudishe nyuma, asimamishe, kisha akaanza kuwataja waliokuwa kwenye duara, mmoja mmoja kulingana na ubeti alioughani, na abti akaandika majina kwenye karatasi ya jalada la mkanda. Wawili walikuwa wameipa kamera mgongo. Hao aliwatambua kwa sauti.