Wasini kwa Miguu, Wacha Pakeji

Wasee wengi wa Kanairo hukushow ati walienda kisiwa cha Wasini. Zii, walipelekwa. Van inakuokota Diani asubuhi, dau inakuzungusha mbuga ya bahari ya Kisite ukicheki pomboo, unaruka kwa maji na miwani, kisha unaketishwa kwa meza Wasini uvunje kaa. Saa tisa uko kwa van tena, umejaa, umechomeka na jua. Sitoi makosa, pomboo ni kitu safi. Lakini hiyo kisiwa ni urefu wa karibu kilomita 5 na upana kama kilomita moja, na wewe ulicheki meza.

Mbogi yetu iliamua kuichapa na miguu. Kutoka Mombasa unavuka feri ya Likoni, bure kama huna gari, unadandia mathree hadi Ukunda, ingine inakushukisha Shimoni. Rauka, juu hiyo njia ni mrefu. Ukibaki na time, pitia mapango yenye watumwa walikuwa wanafungiwa wakingoja majahazi. Hapo hata wasee wa selfie hunyamaza. Kwa gati usikimbilie broka wa kwanza. Uliza boti ya wenyeji, ile hubeba wamama na magunia ya unga. Nauli haiumi, na utaketi na watu wanaenda home.

Kisiwa mzima hakuna gari. Ni vinjia vyembamba kati ya nyumba za mawe, mibuyu, na watoi wanakucheki vile watu wa mtaa hucheki mgeni wa landlord. Ni kijiji cha Waislamu, so ile luku ya bichi iache Diani. Leso moja, suruali ndefu, na salamu ya heshima zitakufungulia milango mingi kuliko doh.

Sasa, bustani ya matumbawe. Hii ndio iliniua. Wamama wa kijiji wako na kikundi chao, na wamejenga daraja ya mbao inapita juu ya mikoko. Unawalipa kitu kidogo unaingia. Matumbawe yenyewe yalikuwa chini ya bahari kitambo sana, saa hii yamesimama nje makavu, majiwe ya kijivu yamechongwa na maji hadi yana mashimo na meno. Bahari hurudi kuyatembelea bamvua ikifika. Tulipata mzae mmoja anashona wavu, tukamuamkua.

"Marahaba. Mwataka maji yamejaa au yamekupwa?"

Kumbe kuna kuchagua! Akatuchanulia: yakipwa utaona kaa, yakijaa utaona bustani. Tulipata yamekupwa. Manze, hao kaa ni wadogo, kila ndume ana gando moja kubwa kushinda mwili, anaipunga kwa tope kama makanga anaita watu wa tao. Tulikaa hapo mpaka jua ikatufukuza. Karibu na kijiji pia kuna kaburi la zamani la mnara, limepachikwa vigae vya Uchina. Hiyo ni biashara ya majahazi imeachwa kwa ukuta, na hakuna kioo wala kamba mbele yake.

Kutoka hapo ishia Mkwiro, kijiji cha upande ule mwingine. Kwa hiyo njia ndio utajua hujui. Chini ni jiwe tupu lenye makali, sapatu zitakuaibisha, vaa raba. Kivuli ni cha kubahatisha. Na beba maji yako, mingi, juu kisiwa ni jiwe: mvua inapenya yote, visima vina chumvi, na kwa miaka mingi wenyeji wamekuwa wakikinga ya mvua kwa majabia. Msee akikupatia kikombe cha maji hapo, amekupatia kitu ya maana. Usiitumie kunawa miguu.

Mkwiro yenyewe ni ya wavuvi. Haina shoo mob. Kuna mitumbwi, nyavu, na wasee wanarudisha matumbawe baharini, wanayapanda vipande vipande chini ya maji ndio samaki warudi. Uliza, watakupigia hiyo story poa kuliko guide yeyote wa pakeji.

Kama mfuko unaruhusu kitu moja tu kati ya pomboo na hii mguu, mimi nachukua mguu. Pomboo wanaweza amua leo hawatokei. Wewe beba kesh, na upange boti ya kurudi Shimoni mapema, juu giza ikikupata Mkwiro hiyo bei utaitiwa na mwenye boti peke yake.