Je, Wajua? Meseji Inapokwama Njiani

Je, wajua kuwa mwaka 1958 barua ya wafungwa wa kisiasa ilitoroshwa kutoka gereza la Lokitaung, kaskazini mwa Kenya, ikafika hadi London? Gazeti la The Observer likaichapisha!

Je, wajua kuwa SMS ya kwanza duniani na kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ni rika moja? Zote ni za 1992. SMS yenyewe ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba, kutakia Krismasi njema.

Wajua kuwa unaweza kutumia watu wengi SMS kwa mpigo bila intaneti? Programu ya FrontlineSMS, aliyoibuni Ken Banks mwaka 2005, ilitaka kompyuta na simu iliyochomekwa kwa waya, basi! Baadaye iliandikwa upya kwa lugha ya kompyuta ya Java.

Sikia hili: Java hujifagilia kumbukumbu yenyewe, lakini muunganisho ulioufungua haikuhakikishii kuufunga. Ukisahau, miunganisho inarundikana kimyakimya mpaka programu nzima igome.

Piga hesabu nami. Tuseme kwenye Linux programu yako imeruhusiwa faili 1,024 zilizo wazi, na kila muunganisho wa mtandao huhesabiwa kuwa faili. Sahau mmoja kila sekunde: dakika 17 tu, umekwisha!

Je, wajua kuwa mpokeaji mmoja wa foleni ya ActiveMQ, programu ya kupanga na kugawa meseji, usipobadilisha mpangilio, huweza kurundikiwa meseji 1,000 kabla hajasoma hata moja? Akiachwa wazi bila kazi, anazikalia zote, na mwenzako Lodwar anasubiri tu.

Mhalifu asiyefunga miunganisho hukamatwa kirahisi! Andika lsof -p na namba ya programu, hesabu mistari, ngoja kidogo, rudia. Idadi ikipanda bila kushuka hata kazi ikipoa, umemnasa. Halafu amri ya Java, jmap -histo, itakuonyesha ni vitu gani vilivyojazana.

Tiba je? Tangu JMS 2.0 (kanuni za Java za kutumiana meseji) ya mwaka 2013, fungua muunganisho ndani ya mabano ya try, nao utajifunga wenyewe hata kosa likitokea katikati. Ukifungwa huo, vipindi na wapokeaji wake wote hufungwa nao!

La mwisho, kaa vizuri. Januari 2004, faili zilizorundikana ziliifanya Spirit, roboti ya NASA kwenye sayari ya Mars, ijizime na kujiwasha zaidi ya mara 60. Mafundi wakazifuta wakiwa huku huku Duniani, na roboti iliyopangiwa siku 90 ikachapa kazi zaidi ya miaka 6!